Kifungu cha Wagonjwa

Nyumbani, 11 Januari

Mwanangu Daktari,

Natumaini hujambo, na kwamba dereva wa gari la dawa hajaikalia barua hii njiani kama ile ya mwezi jana, iliyokufikia, kwa maneno yako mwenyewe, ikiwa imepigwa pasi.

Tangu waung'oe mnara wa simu huko mpakani nimerudi kwenye kazi niliyoianza ujanani: kuandika na kungoja majibu. Mama yako anacheka. Anasema serikalini niliandika barua za watu wengine maisha yangu yote, na kwamba hizi ninazokuandikia wewe ndizo za kwanza kuzitia sahihi yangu.

Hafla ya wafadhili wa hospitali yetu imepita. Karibu wote niliowaalika walikuja. Ni mazoea tu. Kwa miaka mingi, mshauri wa Rais wa mambo ya nje akikualika huulizi kuna nini. Unafunga tai, unakwenda. Nilipowaona wamekaa wima kwenye viti vyao nikajua bado hawajaamini kwamba nilistaafu. Balozi mmoja aliniinamia akaninong'oneza kwa jina langu la utani la ofisini, "Kalamu, baina yetu, hospitali hii ni ya nani hasa?" Nikamwambia ni ya wanaokohoa. Akacheka sana, akidhani nimemkwepa kama zamani.

Zamani nilizisihi nchi mbili ziache kupigana. Siku hizi nawasihi watu wazima watoe mashuka. Nakuhakikishia, mashuka ni magumu zaidi.

Waziri wa Mambo ya Nje naye alipita. Ni yule kijana wangu wa ofisini, aliyekuwa ananibebea mkoba. Sasa ana watu wawili wa kumbebea wake. Alichelewa kufika na akawahi kuondoka, lakini mbele za watu aliniita "Mwalimu" kama kawaida yake. Amesema atakuja nyumbani tuzungumze.

Wafadhili wameridhika wote. Suala la dawa usilitie moyoni. Wewe kula vizuri, maana Kamanda, muuguzi wako mkuu, aliniletea salamu kupitia dereva kwamba unakula kama ndege.

Baba yako


Hospitalini, 25 Januari

Shikamoo Baba,

Barua imefika ikiwa nzima. Dereva anasema ameanza kuiweka kwenye kofia.

Mashuka yamefika pia. Wagonjwa wanajua yanatoka kwako, na wale wa wodi ya wanawake wamekupa cheo kipya: Mzee Mashuka. Naona kinakufaa kuliko vyote ulivyowahi kupewa.

Nimecheka habari ya balozi, halafu nikaacha kucheka. Maana hata hapa wapo wanaouliza hospitali hii ni ya nani. Wiki iliyopita askari wetu wa daraja la mpakani waliwarudisha watu wawili kutoka ng'ambo. Mmoja ni mama mwenye kifua kikuu sugu, amebakiza miezi michache amalize dozi. Alikuwa amekwenda kuzika tu, anarudi kitandani kwake. Wakamwambia alete karatasi. Akawaambia wagonjwa hawaulizwi karatasi kwenye daraja hili, huo ndio mkataba. Wakamwambia mkataba wamesikia unaangaliwa upya.

Nilikwenda mwenyewe nikabishana nao mpaka wakamruhusu. Lakini mwenzake alikuwa ameshakata tamaa, amerudi kwao. Baba, wewe unaujua ugonjwa huu kwa kusoma ripoti zangu, sasa nikuambie kwa lugha ya jikoni: mtu akikatiza hizi dawa katikati, ugonjwa haurudi ulivyokuwa. Unarudi umeshajifunza. Dawa zile zile ukimpa tena, ni kama kumpa maji. Na nyumba nzima anayolala itaupata ukiwa hivyo hivyo, mjuaji.

Kwa hiyo nakuuliza kama mtu aliyeandika mkataba ule kwa mkono wake: kifungu cha wagonjwa bado kipo au hakipo?

Wengine hawajambo. Yule tunayemwita Mama Redio, mwalimu wa shule kutoka ng'ambo, bado anasikiliza taarifa ya habari na kuwatangazia wodi nzima kwa sauti ya juu kuliko redio yenyewe. Kamanda anaendelea kutugombeza sote. Muuguzi mkuu gani huyu, hata mafua yanamwogopa! Na habari ya kula kama ndege asikutishe. Nimepungua kidogo kwa sababu ya kazi, na nimehamia kile chumba cha nyuma ya stoo ili nipate utulivu wa kusoma.

Nisalimie Mama. Mwambie sweta imefika, naivaa hata mchana.

Mwanao


Nyumbani, 9 Februari

Mwanangu Daktari,

Kifungu kipo. Mkataba hauangaliwi upya darajani na askari, unaangaliwa na watu waliokaa mezani, na watu hao wengi wao niliwafundisha kukaa.

Kwa kuwa umeuliza, nikusimulie kilivyozaliwa, sijawahi kukusimulia. Tulikuwa tumefungiwa hotelini na wale wa ng'ambo, tunagombania mahali pa kusimika nguzo za mpaka. Asubuhi nguzo, mchana nguzo. Majenerali wa pande zote mbili walikuwa wamenuna. Mwenzangu wa ng'ambo, mshauri kama mimi, mtu mnene mwenye mzaha, alikuwa anakohoa mfululizo, na kila akikohoa jenerali wake anasogeza kiti. Baada ya chakula, watu wanasinzia, nikaandika mstari mmoja: mgonjwa wa upande wowote atavuka daraja bila kuulizwa karatasi. Nikamsogezea. Akausoma, akaniangalia, akasema, "Kalamu, huu ukipita nakununulia kofia." Ukapita kwa sababu hakuna aliyekuwa macho kuupinga.

Maisha yangu yote ya serikalini nimeandika hotuba zilizosahaulika kabla makofi hayajaisha. Nimewashauri marais wakafanya kinyume. Waliponitaka niandike sababu za kupeleka jeshi ng'ambo, nikakabidhi ofisi na kutoka, na sababu zikaandikwa na mwingine vizuri tu. Nikihesabu kazi yangu yote, kilichobaki ni mstari ule. Hospitali tuliijenga juu yake. Unadhani nitaacha waung'oe?

Waziri alikuja nyumbani juzi. Tumezungumza kwa kirefu. Ameniahidi kwamba wagonjwa wako hawataguswa. Hayo mengine niachie mimi. Ndiyo kazi niliyosomea.

Mama yako anauliza kwa nini unavaa sweta mchana na huko ni joto.

Baba yako


Hospitalini, 2 Machi

Baba,

Nimekusikia redioni.

Mama Redio ndiye aliyetuita. Alisema, "Njooni, baba yake Daktari anaongea!" Tukajaa mlangoni, wengine na chupa zao za makohozi mikononi. Tukamsikia Waziri akitangaza kwamba mkataba wa daraja umevunjwa kwa sababu za usalama. Halafu akasema, "Na hapa ninaye aliyeuandika." Halafu wewe.

Ulisema mkataba ule ulikuwa mzuri kwa wakati wake. Ulisema kila nyumba ina haki ya kufunga mlango wake. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Niliyajua maneno yale kuwa ni yako kabla hujamaliza sentensi, hakuna mtu mwingine serikalini anayeweza kufunga mlango kwa adabu namna ile.

Mama Redio alinyoosha mkono akaizima. Sijawahi kumwona akiizima. Wakarudi vitandani mmoja mmoja. Ningefurahi kama wangenitukana.

Ulisema nikuachie wewe. Nilikuachia.

Daktari wa zamu


Nyumbani, 10 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hii ni mimi mama yako, na mwandiko wangu unaujua, ni wa ubaoni. Baba yako hajui kwamba naandika. Barua yako ameisoma akiwa amesimama sebuleni, akaikunja, akaenda kukaa kwenye gari gereji. Gari lenyewe halina betri. Alikaa humo mpaka jioni.

Sitamtetea. Nimeishi naye muda mrefu mno. Lakini nataka ujue kilichotokea, ukasirike ukiwa unajua.

Wafadhili hawakuridhika. Alikudanganya. Baada ya ile hafla walianza kujitoa mmoja mmoja, kila mmoja kwa barua nzuri ya pole. Kuna mtu aliwanong'oneza kwamba hospitali inahifadhi maadui. Kufikia mwisho wa Januari dawa zenu zilikuwa zinanunuliwa kwa shamba letu la urithi, ambalo sasa ni la mtu mwingine.

Halafu Waziri akaja. Nilikuwepo, niliwapelekea chai na sikutoka. Akamwambia baba yako, "Mwalimu, mkataba utavunjwa, ukitaka usitake. Nchi inataka hivyo. Ukisimama na mimi mbele ya waandishi, wagonjwa waliomo ndani watamaliza matibabu yao, na wafadhili nitawatuliza. Usiposimama, sijui nitalizuiaje jeshi."

Baba yako akasema, "Andika hilo."

"Mwalimu! Mimi na wewe, karatasi ya nini? Si neno langu hili?"

Nikasema mimi, "Wewe mtoto, huyu ndiye aliyekufundisha usiondoke mezani bila sahihi. Mpe karatasi." Akacheka, akaniita Mama, akasifu chai.

Na baba yako, mwanangu, baba yako aliyekuwa anawarudisha mawaziri kwenye viti vyao kwa sababu ya mkato mmoja uliokosewa, akamwangalia yule kijana na kusema, "Sawa." Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Kama ningemshikilia zaidi angeondoka, na mtoto wetu yuko kule." Basi. Hilo ndilo lililomshinda, si siasa.

Sasa na wewe. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka na miaka, najua mwandiko wa mtu mwenye afya na wa mtu anayeandika amelala. Mistari yako inashuka. Sweta unavaa mchana. Umehama chumba. Nakuuliza kama mama: unaumwa? Nijibu mimi, si baba yako.

Mama


Hospitalini, 21 Machi

Shikamoo Baba,

Mwambie Mama barua yake imefika na kwamba nimechoka tu, kama kila mtu hapa.

Nisamehe kwa ile barua. Niliandika nikiwa na hasira, na dereva alikuwa anaondoka. Laiti angepasukiwa na tairi.

Nina jambo la kukuambia na hakuna namna nzuri ya kulisema. Neno la Waziri limekwisha. Jana alikuja mkuu wa kikosi na askari wake, wameziba pua kwa vitambaa. Wana amri kwamba kila mgonjwa asiye raia avushwe daraja kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia wamehakikishiwa kumaliza matibabu. Akaniuliza, "Wamehakikishiwa na nani?" Nikamwambia na Waziri. Akasema, "Daktari, amri hii imetiwa sahihi na Waziri." Si mtu mbaya. Alinionyesha sahihi yenyewe, kama anayetaka nimsaidie kuisoma vingine.

Zaidi ya nusu ya wodi ni wa ng'ambo. Kule hakuna hospitali ya ugonjwa huu, wala dawa. Kuwavusha bila dawa ni kuwaua polepole, pamoja na watakaowapokea.

Naomba kitu kimoja, na tafadhali usinijibu kwa busara. Tuma dawa zote unazoweza kupata, zote, na gari la wiki ijayo. Usiulize zitatumikaje. Mimi nitabaki hapa na hawa wetu, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Sikukasirikii tena. Nataka uwe umelisikia hilo kutoka kwangu.

Mwanao


Hospitalini, 30 Machi

Kwako Mzee,

Heshima nyingi. Ni mimi muuguzi mkuu, hapa wananiita Kamanda. Si mtu wa barua, kwa hiyo utanivumilia.

Daktari ameondoka. Amevuka daraja na wagonjwa.

Dawa ulizotuma zilifika siku ya kuvushwa, asubuhi. Dereva hakulala. Daktari aliwaachia wagonjwa wetu dozi zao, zilizobaki akazifunga kwenye maboksi, wagonjwa wenye nguvu wakabeba. Nikajua. Nikamwambia, "Wapeleke mpaka katikati ya daraja, mimi nakusubiri na chai." Akaniambia, "Usiipashe moto, Kamanda."

Nilimfuata. Walikwenda taratibu kwa sababu wengine hawawezi hatua nyingi, wakipumzika wanashika vyuma vya daraja. Mama Redio alikuwa mbele na redio yake begani. Yule mkuu wa kikosi akamzuia Daktari, akasema, "Wewe ni raia, huna amri ya kuvuka." Daktari akasema, "Amri inasema wasio raia tu?" Akasema ndiyo. Daktari akasema, "Basi nizuie, lakini nani atawapa sindano? Wewe?" Mkuu akasema, "Ukivuka siwezi kukuruhusu kurudi. Mkataba haupo." Akamjibu, "Najua. Aliyeuvunja ni baba yangu." Alisema bila ubaya, Mzee. Nakuandikia kama alivyosema kwa sababu sijui kubuni. Mkuu akaangalia pembeni, Daktari akapita.

Sasa la pili, ambalo aliniapisha nisiseme, na kiapo nakivunja. Anaumwa. Ni ule ugonjwa wenyewe, ule sugu, aliupata humu wodini kabla ya mwaka mpya. Chumba cha nyuma ya stoo alihamia ili asituambukize. Nilimwambia arudi mjini atibiwe. Akasema akiondoka hospitali itafungwa siku ileile. Ameanza dawa, yuko kwenye dawa, lakini yale maboksi aliyobeba ni ya wote, na yeye namjua, Mzee. Atajihesabu wa mwisho.

Mimi na wauguzi tumebaki na wagonjwa wachache. Nisamehe sikusema mapema.

Kamanda


Ng'ambo, 17 Mei

Baba, Mama,

Anayewaletea hii ni mwanamke anayevusha mitumba kwa njia zake mwenyewe. Msimuulize ni njia zipi. Mpeni maji na chakula.

Tumewekwa kwenye ghala la saruji nje ya mji. Lina paa la bati na milango mipana, kwa hiyo hewa ipo, hilo nalishukuru. Vumbi la saruji linawakohoza hata waliokuwa wameanza kuacha kukohoa. Wenyeji hawasogei. Chakula kinawekwa langoni, mletaji anaondoka mbio kama anayemlisha simba.

Mwanzoni walinihoji sana. Walitaka kujua kwa nini mtoto wa aliyefunga daraja amevuka daraja. Niliwajibu kwamba mimi ni daktari. Wakaandika. Siku ya pili wakauliza lile lile. Nadhani kwenye faili lao mimi ni jasusi mwenye kazi ya ajabu kuliko wote waliowahi kuwaona.

Mama Redio amefariki. Alikuwa anaendelea vizuri kuliko wote, halafu akaanza kutema damu, na sikuwa na kitu cha kumsaidia zaidi ya kumshika. Wengine wawili wamefuata. Mmoja ni yule mama aliyerudishwa darajani Januari. Alikuwa amebakiza kidogo tu.

Najua Kamanda amewaambia. Asingeweza kunyamaza, ana moyo mpana na mdomo mpana zaidi. Mama, swali lako nilipaswa kulijibu wakati ule. Ndiyo, naumwa. Nilijua ukijua utapanda gari la dawa na kuja kunichukua, na mimi ningekubali. Nilitaka sana kukubali.

Dawa zitatufikisha kwenye mvua. Nimeanza kuwagawia kwanza vijana na wenye watoto wadogo. Baba, usiende kwa Waziri. Usimpigie magoti mtu uliyemfundisha kusimama. Na msije hapa, wala msijaribu. Mkija mtapata huu ugonjwa, na nitakuwa na wagonjwa wawili zaidi wasiofuata masharti.

Hapa mchana nawasikiliza wanavyobishana kuhusu nani anakohoa kwa sauti mbaya zaidi. Kuna mmoja anaigiza kikohozi cha kila mtu, cha kwangu anakiita "kikohozi cha ofisini". Tunacheka mpaka tunaumia. Nawaambia hili ili msidhani tunalia muda wote.

Nawapenda. Mama, sweta ninayo.

Mwanenu


Hospitalini, 8 Agosti

Mwanangu Daktari,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, nyuma ya stoo. Tulihamia hapa Juni, mimi na mama yako. Nyumba ya mjini tumepangisha. Yule mwanamke wa mitumba hajaonekana tena. Wengine wanasema alikamatwa, wengine wanasema amebadilisha biashara. Kwa hiyo sijui barua hii itaondokaje hapa mezani.

Sikukutii. Nilikwenda kwa Waziri. Nilikaa kwenye kile chumba cha kungojea ambacho mimi mwenyewe niliagiza viti vyake, nikagundua kwamba ni viti vibaya sana, havimfai mtu mwenye shida. Aliponipokea alinikumbatia. Nikamwambia mtoto wangu yuko ng'ambo, anakufa, naomba boksi moja la dawa livuke. Akasema, "Mwalimu, unajua jinsi mambo haya yanavyokwenda." Najua. Niliyatengeneza mimi. Wiki mbili baadaye ililetwa bahasha yenye muhuri: wananipa nishani kwa kazi yangu ya hisani. Mama yako ameitumia bahasha hiyo kuzibia dirisha la wodi ya wanawake.

Nilijaribu kila mlango niliowahi kuufungua. Mabalozi wananipokea, wananipa pole, wananisindikiza mpaka kwenye lifti. Mashirika makubwa yanasema yataanza ikiwa serikali zote mbili zitakubali. Nilimtafuta hata yule mshauri mnene wa ng'ambo, niliyekusimulia habari zake. Nikaambiwa alifukuzwa zamani na kwamba anafuga kuku. Nikamtumia ujumbe kwa mtu wa tatu na wa nne. Jibu lilikuja: ananisalimu, amekwenda ghalani akafukuzwa langoni, na ameshangaa kusikia sauti yangu redioni siku ile.

Mwezi jana nilikwenda darajani. Nilivaa suti. Nilibeba dawa kwenye mkoba wangu wa kazi. Mkuu wa kikosi amebadilishwa, huyu wa sasa ni mdogo, labda wa rika lako. Akaniuliza karatasi. Nikampa pasipoti yangu ya kidiplomasia, imeisha muda. Nikamwambia mimi ni mgonjwa, nataka kuvuka.

Akaniuliza, "Unaumwa nini, Mzee?"

Nikatafuta neno, mwanangu. Nilisimama pale nikalitafuta na sikulipata.

Akaniambia kwa upole, "Wagonjwa hawavuki siku hizi, Mzee. Kile kifungu kilifutwa. Nilikusikia mwenyewe redioni, nilikuwa bado mafunzoni." Akaniletea kiti. Akaomba nisiwaambie wakubwa zake kwamba aliniletea kiti. Nilikaa nikaangalia upande wenu mpaka mama yako akaja kunichukua. Ghala halionekani kutoka pale. Niliuliza.

Wagonjwa wetu wa mwisho walimaliza dozi zao wakaruhusiwa. Hospitali haina dawa, haina mfadhili, haina daktari. Wagonjwa wapya wa mwezi huu tumewaelekeza hospitali ya mkoa, na wengi hawana nauli, kwa hiyo wanakaa kwenye benchi la nje siku nzima halafu wanarudi kwao wakikohoa. Kamanda amebaki bila mshahara na bado anatugombeza. Mama yako amegeuza wodi ya watoto kuwa darasa, anafundisha wasiokuwa na pa kwenda. Mimi nafagia. Ninafagia vibaya, Kamanda hurudia nyuma yangu.

Mvua zimeanza tangu wiki iliyopita. Ulisema dawa zitawafikisha kwenye mvua.

Kuna kitu kimoja kinanishinda katika barua hii, na nimeianza mara nyingi kwa sababu yake. Kila nikitaka kukuulizia hali, inabidi nichague kati ya "uko" na "ulikuwa". Nimeishi kwa kuchagua maneno, nimewachagulia marais, nimechagua maneno yaliyofunga daraja, na hili moja siliwezi. Mama yako amesoma juu ya bega langu, akanikemea. Amesema niandike "uko", na nisitie kitu kingine hapo.

Basi nimeandika. Uko.

Nisahihishe kama nimekosea.

Baba yako